Makamu wa Rais: kiti kilichochongwa kwa ajili ya Muungano

Siku nne kabla ya Uchaguzi Mkuu wa 2005, tarehe 26 Oktoba, alifariki dunia Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa CHADEMA. Mgombea urais wa chama hicho, Freeman Mbowe, alikuwa mzima. Hata hivyo kura ya Rais na Wabunge ikasimama Tanzania nzima, na badala ya Jumapili ya 30 Oktoba wananchi wakapiga kura tarehe 14 Desemba. Zanzibar peke yao ndio walioendelea na tarehe ya awali, kwa uchaguzi wao wa Rais wa Zanzibar na Baraza la Wawakilishi, kwa sababu uchaguzi ule una tume yake na sheria yake.

Ukilitazama juujuu ni jambo la ajabu. Mtu ambaye jina lake wapiga kura wengi hawalikumbuki anafariki, na nchi nzima inasubiri wiki sita. Lakini kisheria hapakuwa na namna. Kwa mujibu wa ibara ya 47 ya Katiba, Makamu wa Rais huchaguliwa katika uchaguzi mmoja na Rais, baada ya chama chao kuwapendekeza wakati mmoja, na wote wawili hupigiwa kura kwa pamoja. Kwenye karatasi ya kura wanakaa ndani ya mstari mmoja wenye kisanduku kimoja cha kuweka alama. Huwezi kumtaka huyu ukamkataa yule. Upande mmoja ukitoka, jozi haipo, na chama hakiwezi kwenda kwenye kura na nusu ya mgombea.

Na hata kabla ya kura, jozi hiyo inatakiwa ipite mlango uleule mmoja. Fomu ya uteuzi inabeba majina yote mawili. Wadhamini ni wapiga kura wasiopungua 200 kutoka kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo lazima iwe ya Zanzibar. Mgombea mwenza naye anapimwa kwa sifa zilezile za urais: awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe mwanachama wa chama na amependekezwa na chama. Kisha linakuja sharti ambalo ndilo moyo wa kiti chenyewe: Rais akitoka sehemu moja ya Muungano, Makamu wake atoke sehemu ya pili.

Mimi nasema hivi: usomapo historia ya kiti hiki kama historia ya "msaidizi wa Rais" hutaielewa. Kimebadilishwa umbo mara kadhaa tangu 1964, na karibu kila mara swali lililokuwa mezani lilikuwa moja, Zanzibar ikae wapi ndani ya serikali ya Muungano.

Tanganyika ilikuwa na Makamu wa Rais kabla ya Muungano. Ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, Julius Nyerere akawa Rais na Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka ule, akawa Makamu. Kile kilikuwa kiti cha kawaida. Mambo yalibadilika na Hati za Muungano za Aprili 1964. Hati hizo ziliweka makamu wawili. Mmoja alikuwa mkaazi wa Zanzibar, kiongozi wa serikali ya kule, na msaidizi mkuu wa Rais kwa mambo ya utendaji yanayohusu Zanzibar. Huyo alikuwa Abeid Amani Karume, Makamu wa Kwanza. Kawawa akawa wa Pili, akibeba mzigo wa Bara na kuongoza shughuli za serikali bungeni.

Hebu tazama mpangilio ule kwa karibu. Karume alikuwa na dola yake Unguja, na Baraza lake la Mapinduzi. Cheo cha Makamu wa Kwanza hakikumpa nguvu aliyokuwa hana. Kilichofanya ni kumfunga kamba ya heshima na Dar es Salaam. Na ilijulikana wazi nani angeshika nafasi ile: yeyote aongozaye Zanzibar. Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972 pale Kisiwandui, makao makuu ya ASP, chama cha Afro-Shirazi kilichotawala Zanzibar, Aboud Jumbe alirithi viti vyote viwili. Kawawa naye alikuwa ameongezewa uwaziri mkuu Februari ya mwaka huohuo, na 1977 uwaziri mkuu ulipokwenda kwa Edward Sokoine, cheo cha Makamu wa Pili kikapotea kwa muda.

Kuvaa kofia mbili kuna raha na balaa yake. Balaa lilionekana Januari 1984, Dodoma. Jumbe alitaka muundo wa Muungano uhojiwe upya, hoja ikafika Halmashauri Kuu ya CCM, na hali ikawa ile iliyoitwa "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa". Alipojiuzulu aliachia kila kitu kwa mkupuo: urais wa Zanzibar, umakamu wa Rais wa Muungano na umakamu mwenyekiti wa chama. Ndiyo hasara ya kuning'iniza vyeo vyote kwenye msumari mmoja. Ali Hassan Mwinyi akashika nafasi yake.

Mabadiliko ya Katiba ya mwaka huo yakaleta tena makamu wawili, na safari hii kwa hesabu yenye akili kidogo. Makamu wakawa Rais wa Zanzibar na Waziri Mkuu, na wa Kwanza akawa yule anayetoka upande mwingine na Rais. Kwa hiyo Mwinyi, aliyehesabiwa Mzanzibari, alipokuwa Rais wa Muungano Novemba 1985, Makamu wa Kwanza alikuwa Waziri Mkuu Joseph Warioba, na Rais wa Zanzibar Idris Abdul Wakil akawa wa Pili. 1990 wakaja John Malecela na Salmin Amour kwa mpangilio huohuo, kisha Desemba 1994 Cleopa Msuya akachukua nafasi ya Malecela. Wanaosema Philip Mpango, aliyekuwa Makamu kuanzia 2021, ndiye mtu wa kwanza kutoka Bara kushika umakamu baada ya Kawawa wanawasahau Warioba, Malecela na Msuya. Kauli sahihi ni kwamba alikuwa wa kwanza kutoka Bara tangu uanze mfumo wa mgombea mwenza.

Neno "kutoka" nalo lina utelezi wake. Mwinyi alizaliwa Kivure, Mkuranga, mkoa wa Pwani. Alikulia Zanzibar, akasomesha huko, akawa Rais wa huko, na hesabu ya Muungano ikamweka upande wa Zanzibar. Ukidhani kinachotazamwa ni mahali kitovu kilipozikwa, utakosea.

Kilichouvunja mfumo wa 1984 ni vyama vingi. Chini ya chama kimoja, Rais wa Muungano na Rais wa Zanzibar walikuwa lazima wawe wa CCM, hivyo kumfanya wa pili kuwa makamu wa yule wa kwanza hakukuwa na hatari kubwa. Vyama vingi viliporuhusiwa 1992 hesabu ikageuka. Zanzibar kulikuwa na ushindani mkali, na mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba huenda Rais wa Zanzibar akatoka upinzani. Hapo angekuwa, kwa nguvu ya Katiba, Makamu wa Rais wa Muungano chini ya Rais wa chama alichokishinda visiwani. Mwishoni mwa mwaka huohuo Zanzibar ikajiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, chini ya Salmin Amour, ambaye wakati uleule alikuwa Makamu wa Pili wa Rais wa Jamhuri yenye wizara yake ya mambo ya nje. 1993 Zanzibar ikajitoa, lakini kidonda kilikuwa kimeshafunguka, na wabunge waliojulikana kama G55 wakadai serikali ya Tanganyika. Hata CCM kuwa pande zote mbili hakukutosha kuzuia mvutano.

Jibu likawa Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, sheria namba 34 ya 1994. Umakamu ukatenganishwa na urais wa Zanzibar na uwaziri mkuu, ukawa cheo kimoja cha kupigiwa kura pamoja na Rais. Mfumo huo ulianza na uchaguzi wa 1995, Benjamin Mkapa akiwa na Dk. Omar Ali Juma, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar. Baada yake akafuata Dk. Ali Mohamed Shein, kisha Dk. Mohamed Gharib Bilal. Daktari wa mifugo, mtaalamu wa baiokemia ya tiba, mwanafizikia wa nyuklia: kwa miaka 20 ofisi ile haikupungukiwa na udaktari. Akaja Samia Suluhu Hassan 2015, Mpango 2021, na Emmanuel Nchimbi Novemba 2025.

Mabadiliko yale yalitibu ugonjwa mmoja na kuacha mwingine. Rais wa Zanzibar hakubaki Makamu. Akawa mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano kwa ibara ya 54, akikaa kikao kimoja na mawaziri. Wazanzibari wengi hawajalisahau hilo hadi leo, na binafsi naona wana hoja. Hati za 1964 ziliwaahidi kwamba kiongozi wao ndiye angekuwa makamu. Sasa wanapata Mzanzibari aliyepitishwa na vikao vya chama na kuchaguliwa na wapiga kura wa nchi nzima, ambao walio wengi mno wako Bara. Na Rais akiwa Mzanzibari, hata huyo hawampati.

Kazi yenyewe ni ipi? Ibara ya 47 inamwita Makamu "Msaidizi Mkuu wa Rais", kisha inampa mambo matatu: kumsaidia Rais kufuatilia siku hata siku utekelezaji wa Mambo ya Muungano, kufanya kazi atakazoagizwa na Rais, na kufanya kazi za Rais wakati Rais hayuko kazini au yuko nje ya nchi. Basi. Hawezi kuwa Mbunge, hivyo haongozi chochote bungeni. Kazi hiyo ni ya Waziri Mkuu. Ndiyo maana Mpango alipoteuliwa, jimbo lake la Buhigwe, Kigoma, lilibaki wazi na kuhitaji uchaguzi mdogo. Kwenye itifaki Makamu yuko juu ya Waziri Mkuu, lakini kwenye mafaili ya kila siku, wakuu wa mikoa na wizara, Waziri Mkuu ndiye mwenye nyuzi nyingi mkononi. Anayemwona Makamu kila wiki akizindua kitu au akimwakilisha Rais msibani asidhani kuwa huo ni uvivu. Katiba yenyewe haikumpa jembe jingine zaidi ya lile atakalokabidhiwa.

Majembe aliyokabidhiwa ni mawili makubwa, na ndiyo yaliyoandikwa kwenye jina la ofisi: Muungano na Mazingira. Mazingira yalihamishiwa huko katika miaka ya tisini, kwa mantiki kwamba jambo linalogusa wizara zote lisiwekwe chini ya wizara mojawapo. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liko chini ya ofisi hiyo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ndiyo nguzo yake. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, ile iliyowafanya wauza sokoni waanze kufungasha nyanya kwenye mifuko ya aina nyingine, ilitokana na kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo.

Upande wa Muungano, kazi ngumu ni kile kinachoitwa kero. Mwaka 1964 Mambo ya Muungano yalikuwa 11. Leo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba yako 22, na kila lililoongezwa lilimega kitu kutoka Zanzibar. Tangu 2006 kuna Kamati ya Pamoja ya serikali mbili ambayo mwenyekiti wake ni Makamu wa Rais. Hoja zilizowahi kufika mezani ni 25, na serikali ilishatangaza kuwa 22 zimepatiwa ufumbuzi. Mafuta na gesi, uvuvi wa bahari kuu na mgawo wa asilimia 4.5 wa misaada kwa Zanzibar ni baadhi ya mambo yaliyozungukwa miaka mingi. Kamati haina meno ya kuamua: inakubaliana, na makubaliano yanahitaji sheria au kanuni zibadilishwe pande zote mbili. Hapo ndipo mambo hukwama.

Sasa tuje kwenye siku ambayo kila mtu hukumbuka kuwa Makamu yupo.

Rais akisafiri, Makamu anashika kazi zake. Makamu naye akiwa hayupo au mgonjwa, zinakwenda kwa Waziri Mkuu. Hilo ni jepesi na hutokea mara kwa mara. Rais akiugua kiasi cha kushindwa kazi, njia ni ndefu. Baraza la Mawaziri linapeleka hoja kwa Jaji Mkuu. Jaji Mkuu anateua bodi ya madaktari bingwa wasiopungua watatu. Wakithibitisha, anaweza kumpelekea Spika hati, na siku saba zikipita bila hati kubatilishwa kwa Rais kupata nafuu na kurudi kazini, kiti kinahesabika kuwa wazi. Kuna tatizo hapo ambalo halizungumzwi sana. Rais asipokuwepo, anayeongoza Baraza la Mawaziri ni Makamu, yaani yuleyule atakayerithi kiti. Akiitisha hoja ataonekana ana uchu wa madaraka, na akikaa kimya nchi itakaa bila Rais anayefanya kazi.

Rais akifariki, ibara ya 37(5) haina mzunguko. Makamu "ataapishwa na atakuwa Rais" kwa muda uliobaki. Hakuna ukaimu wala uchaguzi wa ghafla. Kenya ya 1978 ilikuwa tofauti: Mzee Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti, Moi alishika nafasi kwa muda ndani ya kipindi cha siku 90, na akaapishwa kuwa Rais kamili Oktoba. Kwetu Samia alitangaza kifo cha John Magufuli usiku wa 17 Machi 2021 na akaapishwa tarehe 19. Katikati hapo watu waliuliza mitandaoni: Rais ni nani kwa sasa? Swali lilikuwa la haki, kwa sababu ibara hiyo inasema ataapishwa bila kutaja saa wala siku. Marekebisho ya Katiba yakija, hapo panahitaji mstari mmoja tu.

Hatua inayofuata ni kupata Makamu mpya. Rais anashauriana na chama chake, anapendekeza jina, Bunge linathibitisha kwa kura zisizopungua asilimia 50 ya Wabunge wote. Wote, si waliohudhuria. Watu hupitiwa hapo. Jina la Mpango lilifika bungeni tarehe 30 Machi 2021, likapata kura 363 kati ya 363, na akaapishwa kesho yake. Anapofariki Makamu mwenyewe utaratibu unafanana, na hapo kuna ukomo wa siku 14. Omar Ali Juma alifariki tarehe 4 Julai 2001 na Shein akaapishwa tarehe 13.

Kuna hesabu moja ya mwisho ambayo ilizua ubishi mwingi baada ya 2021. Je, muda aliomalizia mtangulizi unahesabiwa? Ibara ya 40(4) inajibu. Makamu akimalizia chini ya miaka mitatu, anaruhusiwa kugombea mara mbili. Akimalizia mitatu au zaidi, mara moja tu. Muhula wa pili wa Magufuli ulianza Novemba 2020, kwa hiyo Machi 2021 ilikuwa imebaki miaka minne na miezi saba na ushei. Jibu: mara moja, yaani 2025.

Wasomaji huchanganya pia makamu wa Muungano na makamu wa Zanzibar. Hawa wa Zanzibar walizaliwa na maridhiano ya 2010, baada ya kura ya maoni ya 31 Julai. Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili, wa Pili anatoka chama cha Rais na ndiye kiongozi wa shughuli za serikali kwenye Baraza la Wawakilishi. Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa Makamu wa Kwanza mara mbili, 2010 hadi uchaguzi uliofuata, na tena kuanzia Desemba 2020 hadi alipofariki tarehe 17 Februari 2021. Hakuna hata mmoja wao anayerithi kiti cha Rais wa Muungano.

Na kama mnadhani makamu mmoja wa Muungano anatosha kwa mjadala, Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa na Bunge Maalumu Oktoba 2014 iliweka watatu: wa Kwanza mgombea mwenza, wa Pili Rais wa Zanzibar, wa Tatu Waziri Mkuu. Ukiisoma kwa jicho la 1964 unaona kilichokuwa kikitafutwa, kumrudisha Rais wa Zanzibar kwenye kiti alichoondolewa 1994 bila kumpa urithi wa Ikulu. Kura ya maoni ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na rasimu ingali kabatini.